Mwanafunzi wa Rusizi Humtazama Askari

Wasikilizaji, mwanafunzi anayesoma Kamembe, katika wilaya ya Rusizi ambayo wengi bado huiita kwa jina la zamani la Cyangugu, amezungukwa na mambo ambayo wanafunzi wa mahali pengi huyajua kwa picha za vitabuni tu. Mbele yake liko Ziwa Kivu, lililo katika kimo cha mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Chini ya mji, mto Rusizi unatoka ziwani na kuanza kuteremka kwenda kusini, nao ndio mpaka baina ya Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ng'ambo ya mto uko mji wa Bukavu. Upande wa mashariki, baada ya mashamba ya chai ya Shagasha, unaanza msitu wa Nyungwe. Na akishuka bonde hadi Bugarama, atafika katika nchi ya joto na mashamba ya mpunga, karibu na mahali palipo chini kuliko pote katika Rwanda.

Mazungumzo ya leo yanahusu namna wanafunzi wa sehemu kama hiyo wanavyofundishwa kuyatunza mazingira yao. Yamkini askari aliyekaa karibu na redio kambini, au polisi aliyetoka zamu mpakani, atadhani kwamba jambo hilo ni la waalimu na Wizara ya Elimu, na kwamba yeye amelisikia kwa bahati tu. Dhana hiyo si sahihi, na sababu yake itaonekana.

Mnamo mwaka 2022 habari zilizotoka Bukavu zilieleza jinsi mitambo ya umeme ya bwawa la kwanza la mto Rusizi ilivyokuwa ikizuiwa kufanya kazi na takataka za plastiki. Bwawa hilo lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, karibu na mahali mto unapotokea ziwani. Chini yake liko bwawa la pili, lililoanza kazi mwaka 1989 na ambalo ni mali ya nchi tatu kwa pamoja, yaani Rwanda, Burundi na Kongo. Chupa, mifuko na vipande vya plastiki huelea juu ya maji ya ziwa, na kwa kuwa ziwa hilo lina mlango mmoja tu wa kutokea, kila kinachoelea mwisho wake hufika mlangoni hapo. Kikifika bwawani hukutana na nondo zilizowekwa ili kuzuia vitu visiingie katika mitambo. Nondo zikizibwa, maji yanayopita hupungua; maji yakipungua, mtambo hupoteza nguvu au hulazimika kusimamishwa; na mtambo ukisimama, taa huzimika majumbani, vyuma vya kinyozi husimama, na mgonjwa aliye hospitalini hungojea jenereta iwashwe. Wafanyakazi walilazimika kuzoa taka hizo, na wapiga mbizi kushuka majini kuziopoa chini.

Takataka hizo hazikutupwa ziwani na adui wa nchi. Zilitupwa mitaani na watu wa kawaida, katika miji na vijiji vilivyo kandokando ya ziwa pande zote mbili za mpaka. Mvua ilinyesha juu ya vilima, ikapita mitaroni, ikazibeba. Mtoto aliyekula biskuti njiani na kuiachia karatasi yake ya nailoni ipeperuke hakujua kwamba alikuwa anashiriki katika kuizima taa ambayo jioni ile angeihitaji ili asome. Hilo ndilo somo lenyewe la mazingira, nalo halihitaji kitabu kutoka ng'ambo. Lakini je, ni wanafunzi wangapi wa Rusizi ambao wamepata kupelekwa hadi karibu na mto na kuelezwa jambo hilo na mtu anayelijua?

Kwa upande wa sheria na mipango, Rwanda haina upungufu wa kuonewa haya. Sheria ya kukataza mifuko ya plastiki ilitungwa mwaka 2008, miaka mingi kabla ya Kenya kuchukua hatua hiyo mwezi Agosti 2017 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Mwaka 2019 Rwanda iliongeza katazo hilo likavihusu na vyombo vya plastiki vinavyotumika mara moja tu na kutupwa. Kongo nayo ilitoa amri yake mwishoni mwa mwaka 2017. Halmashauri ya kusimamia mazingira, inayojulikana kwa jina la REMA, imekuwako tangu katikati ya miaka ya 2000. Na mtaala wa shule ulioanza kutumika mwaka 2016, ule unaotaka mwanafunzi aonyeshe anachoweza kutenda wala si anachokumbuka tu, umeyataja mazingira kuwa ni mojawapo ya mambo manane ambayo hayana budi kupenya katika masomo yote.

Hapo ndipo penye taabu. Jambo linalotakiwa kupenya katika masomo yote, mara nyingi huwa halina mwenyewe. Mwalimu wa hesabu hudhani kwamba mwalimu wa jiografia amelifundisha. Mwalimu wa jiografia hudhani kwamba limo katika sayansi. Na mwalimu wa sayansi ana mtihani unaomkabili, na darasa lenye wanafunzi wengi kuliko madawati. Mwisho wake mazingira yanakuwa wimbo wa siku ya wageni. Watoto hupanga mistari, huimba kwamba miti ni uhai, mgeni wa heshima hupanda mche mmoja na kupigwa picha, kisha mbuzi wa jirani huula mche huo kabla ya mwezi kwisha. Wimbo si kosa. Kosa ni kudhani kwamba wimbo umefundisha.

Mafunzo yanayokaa katika akili ya mtoto ni yale anayoyaona kwa macho na kuyafanya kwa mikono. Mfano mmoja ni rahisi sana, na shule yoyote inaweza kuufuata bila ya kungoja fedha. Zichukuliwe chupa mbili kubwa za plastiki zilizookotwa njiani. Zikatwe ubavuni kwa urefu, zilazwe juu ya ubao ulioinama kidogo, vifuniko vikiwa vimeondolewa. Chupa ya kwanza itiwe udongo mtupu, ya pili itiwe udongo ule ule lakini wenye nyasi zilizokwisha shika mizizi. Kisha watoto wamwagie kila chupa maji ya kiasi kilicho sawa, na wayakinge yanayotoka mdomoni mwa chupa katika gilasi. Maji ya chupa ya kwanza yatatoka mekundu kama chai ya maziwa. Ya pili yatatoka polepole, nayo yatakuwa karibu na kuwa safi. Hapo mwalimu hana haja ya kusema mengi. Aelekeze kidole tu kwenye kilima kilicho mbele ya shule, kisha kwenye mto.

Kwa mwanafunzi wa Rusizi jambo hili si mchezo wa darasani. Wilaya yake ina vilima vyenye miteremko mikali, na mashamba mengi yanalimwa juu ya miteremko hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa ilipolipiga Jimbo la Magharibi na sehemu za kaskazini ya nchi, maporomoko ya udongo na mafuriko yaliua watu zaidi ya 130. Askari na polisi waliofukua matope siku zile wanajua udongo uliong'oka kilimani una uzito gani. Maarifa yao hayo yanafaa yafike darasani, kwa maana mtoto atamsadiki mtu aliyeshika sepeto pale kuliko picha ya ukutani.

Ipo desturi moja mbaya inayofaa kutajwa, ijapokuwa waalimu wengine hawatafurahi. Katika shule nyingi za Afrika Mashariki, mtoto akichelewa au akipiga kelele hupewa adhabu ya kupalilia bustani, kumwagilia miche au kuokota taka. Mwalimu haoni ubaya, kwa kuwa kazi imefanyika na adabu imetiwa. Lakini mtoto amejifunza nini? Amejifunza kwamba kuugusa udongo ni aibu, na kwamba mtu mwema hamwagilii miti. Makambini nako mambo hayo yanajulikana. Kazi ya kusafisha na kulima ikitolewa kila mara kuwa ni fatiki ya askari aliyekosa, kikosi kizima huiona kuwa ni kazi ya wakosaji. Kamanda anayetaka kambi yake iwe na miti huanza kwa kushika jembe yeye mwenyewe siku ambayo hakuna aliyekosa.

Sasa tuje kwa mwenye sare. Mtoto wa Rusizi humwona askari karibu kila siku. Humwona mpakani, kwenye daraja la Rusizi ya Kwanza au kule Rusizi ya Pili katika tarafa ya Mururu, ambako watu hupita kwa miguu wakichukua mboga, unga, nyama na nguo. Humwona ziwani ndani ya mashua ya doria. Akikaa karibu na Nyungwe humwona akisaidiana na walinzi wa hifadhi. Mambo hayo yote ni mafunzo, apende askari asipende. Mwalimu akisema darasani kwamba mfuko wa plastiki hauruhusiwi, halafu mtoto akapita mpakani na mama yake na kuona mfuko huo ukifumbiwa macho kwa sababu mwenye kuubeba anajuana na mlinzi, basi somo la mwalimu limekwisha siku hiyo. Na kinyume chake pia ni kweli. Polisi anayeuchukua mfuko kwa upole, akamweleza mama yule sababu yake kwa maneno mawili, akamwonyesha kikapu au mfuko wa karatasi wa kutumia badala yake, amefundisha watu wawili kwa pamoja, na mmoja wao bado ana miaka mingi ya kuishi.

Neno hilo la kueleza sababu ndilo linalopungua. Ziwa Kivu lina samaki wadogo wanaoitwa sambaza. Samaki hao hawakuwa wa ziwa hilo. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, nao wakawa kitoweo na riziki ya maelfu ya watu. Wavuvi hutoka jioni kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakiwasha taa za kuwavuta samaki, na nyimbo zao za kupigia makasia husikika hadi pwani. Wako pia wanaotumia nyavu za matundu madogo zinazojulikana kwa jina la kaningini, ambazo hazimwachi hata samaki aliyezaliwa juzi. Nyavu hizo zimekatazwa, na zikikamatwa aghalabu huchomwa moto mbele ya watu. Kadhalika kuna majira katika mwaka ambayo uvuvi husimamishwa ili samaki wapate kuzaana.

Mtoto wa mvuvi wa kisiwa cha Nkombo akisimama kuutazama moto huo, anaona nini? Ikiwa hakuelezwa lolote, anaona askari anachoma mali ya baba yake. Atakua na chuki hiyo, na akiwa mkubwa atajifunza kuvua usiku wa manane mahali ambapo mashua ya doria haifiki. Lakini akiwa ameelezwa shuleni kwamba sambaza huja karibu na pwani kuzaa, na kwamba watoto wa samaki hukaa katika maji hayo ya pembeni ambamo kaningini hukokotwa, ataufahamu moto ule kwa namna nyingine, hata kama jioni ile nyumbani kwao kulilalwa bila kitoweo. Hakuna sheria inayoweza kuwa na askari wa kutosha wa kulinda kila ghuba ya Ziwa Kivu. Ghuba hizo ni nyingi mno.

Msitu wa Nyungwe unatoa ushahidi mkubwa zaidi, wa hasara na wa faida. Serikali ya kikoloni ya Wabelgiji iliutangaza kuwa msitu wa akiba mwaka 1933. Ni msitu wa milimani wenye eneo la kilomita za mraba 1,000 hivi, na mgongo wake hugawanya maji ya bara la Afrika: mvua inayoanguka upande wa mashariki huelekea mto Nile, na ile ya upande wa magharibi huelekea mto Kongo. Mwanafunzi wa Rusizi yuko upande wa Kongo. Maji ya paa la shule yake huteremka Rusizi hadi Ziwa Tanganyika, hutoka huko kwa mto Lukuga penye mji wa Kalemie, huingia katika mto Kongo na kuishia katika bahari ya Atlantiki. Mwalimu akiwa na ramani moja tu ya Afrika, anaweza kutumia saa nzima kwa safari hiyo bila ya mtoto hata mmoja kusinzia.

Sheria peke yake haikuulinda msitu huo. Ujangili uliwamaliza nyati, kisha tembo. Mnamo mwaka 1999 ulikutwa mzoga wa tembo ambaye ndiye wa mwisho aliyejulikana katika Nyungwe, na tangu hapo mtoto anayezaliwa kandokando ya msitu huo husikia habari za tembo kama hadithi. Mwaka 1997, wakati wa ukame, moto uliteketeza sehemu kubwa, na moto mwingi wa namna hiyo huanzishwa na watu wanaofukiza nyuki ili kurina asali. Baada ya moto, kangaga zilifunika ardhi, zikazuia miti michanga isipate mwanga. Ilibidi watu wazikate kwa mikono, mwaka baada ya mwaka, ili msitu upate kurudi. Asali ya siku moja ililipwa kwa kazi ya miaka mingi.

Lakini kuna jambo jingine lililotokea katika msitu huo, ambalo halizungumzwi sana. Kuanzia mwaka 1988 ulikuwako mradi wa kuhifadhi Nyungwe, na ndani yake waliajiriwa vijana wa vijiji vya jirani, wakafundishwa kutembea doria, kuhesabu nyani na kuwaongoza wageni. Mwaka 1994, nchi ilipoingia katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wakubwa wa mradi waliondoka na ofisi zikabaki bila ya msimamizi. Waliobaki ni wafanyakazi wa daraja la chini. Katika wakati ambao hapakuwa na mshahara wala amri kutoka juu, baadhi yao waliendelea kuwa karibu na msitu na kuulinda kadiri walivyoweza. Mambo hayo yaliandikwa baadaye na wataalamu waliokuja kuuliza kwa nini msitu haukuharibiwa kama ilivyohofiwa. Mafunzo yaliyokwisha ingia moyoni mwa mtu yalidumu mahali ambapo amri haikuweza kufika. Askari anaijua maana ya jambo hilo kuliko raia, kwa kuwa naye hufundishwa kwa ajili ya saa ambayo kamanda hayupo.

Nyungwe ikawa hifadhi ya taifa katikati ya miaka ya 2000, na mwezi Septemba 2023 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Ndani ya wilaya ya Rusizi kuna kipande chake kilichobaki peke yake kati ya mashamba, kinachoitwa Cyamudongo. Ni msitu mdogo ambao mtu anaweza kuuzunguka kwa miguu, lakini wamo sokwe mtu. Fikirini, wasikilizaji: wanafunzi wanasoma katika madarasa yaliyo mwendo mfupi kutoka kwa sokwe mtu, wanyama ambao watu huvuka bahari na kulipa fedha nyingi ili kuwaona kwa muda wa saa moja, na yawezekana sana kwamba wanafunzi hao hawajapata kuingia msituni humo hata siku moja.

Ni haki pia kusema ukweli kuhusu upande wa pili. Mama anayekutwa na tita la kuni pembezoni mwa hifadhi si jangili. Ana mafiga matatu na sufuria nyumbani, na watoto wanaorudi shuleni wakiwa na njaa. Mwanawe amefundishwa asubuhi kwamba kukata mti ni kosa. Jioni anaona mama yake akikamatwa kwa kosa hilo hilo, na ugali wa jioni haukupikwa. Elimu inayomweka mtoto katikati ya mwalimu wake na mama yake ni elimu yenye kilema. Njia za kuponya kilema hicho zipo. Kuna majiko yanayotumia kuni chache, kuna miti ya kupandwa kandokando ya matuta ya shamba, kama mgrivea, ambayo matawi yake hukatwa na kuchipua tena. Na kuna fedha za utalii: tangu mwaka 2005 asilimia 5 ya mapato ya hifadhi za taifa ilitengwa kwa ajili ya wananchi wa jirani, na mwaka 2017 ikapandishwa kuwa asilimia 10. Katika nchi yamejengwa kwa fedha hizo madarasa na vituo vya afya. Mlinzi au polisi anayemsimamisha mama mwenye kuni afadhali ayajue mambo hayo, ili awe na la kumwambia zaidi ya neno “twende”.

Shule zenyewe zina deni. Tangu mpango wa chakula shuleni ulipopanuliwa mwaka 2021 ukawafikia wanafunzi wa ngazi zote, majiko ya shule yamekuwa yakipika maharage kwa mamia ya watoto, na shule nyingi hutumia kuni. Mpango huo ni mwema. Mtoto mwenye njaa hasomi. Lakini mwanafunzi anayeimba kuhusu miti darasani huku akiona lori la magogo likishushwa nyuma ya jiko ana haki ya kuuliza swali. Afadhali aulize, na afadhali shule impe hesabu hiyo aifanye mwenyewe: kuni kiasi gani huteketea kwa muhula mmoja, miti mingapi ilikatwa, na shule imepanda mingapi. Hilo ni somo la hesabu, la sayansi na la uraia kwa pamoja, na ndilo ambalo mtaala ulikusudia.

Redio nayo ina historia yake katika kazi hii. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya, ambayo watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, kisha wakatoka na kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vya mbu. Mwaka 1980 ikafuata kampeni ya Misitu ni Mali. Nguvu ya kampeni hizo haikuwa katika sauti ya mtangazaji. Ilikuwa katika ile saa iliyofuata baada ya redio kuzimwa, watu walipoulizana: basi sisi tufanye nini leo? Kenya ilikuwa na vilabu vya wanafunzi vya wanyama wa porini tangu mwaka 1968. Na mwaka 1991, mjini Dar es Salaam, mtaalamu wa sokwe Jane Goodall alianza na wanafunzi 12 tu waliokuja kuzungumza naye barazani kwake. Jambo hilo likakua likaenea katika nchi nyingi za dunia. Wale 12 hawakupewa hotuba. Walieleza waliyokuwa wameyaona.

Katika Rusizi zipo klabu za mazingira mashuleni, na polisi huzuru shule kuzungumza na vijana kuhusu uhalifu na dawa za kulevya. Ziara hizo zinaweza kubeba na jambo hili bila ya kuongeza gharama. Polisi aliyekaa mpakani aende na mfano wa mifuko aliyoikamata na aeleze ilikokuwa inakwenda. Askari wa doria ya ziwani aende na kipande cha kaningini na kipande cha wavu unaoruhusiwa, watoto wapitishe vidole katika matundu ya nyavu zote mbili. Mlinzi wa Nyungwe aende na mtego wa waya aliouokota. Vitu hivyo vitatu vikiwekwa juu ya meza ya mwalimu, darasa litanyamaza lenyewe.

Tena kuna umuganda wa Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, ambao vikosi hushiriki pamoja na wananchi. Msimu wa kupanda miti huja na mvua za Oktoba, na siku hizo miche hutolewa kwa maelfu. Idadi ya miche iliyopandwa hutangazwa jioni ile ile, nayo hupendeza masikioni. Lakini mti haujakuwa mti kwa sababu umetiwa shimoni. Ingefaa kila kikosi kilicho karibu na shule kichukue kilima kimoja pamoja na wanafunzi wa shule hiyo, na katika umuganda wa kwanza baada ya kiangazi warudi wote kwenye kilima kile kile, pasiwe na mche mpya wa kupanda siku hiyo. Watoto wapite mstari kwa mstari pamoja na askari, wahesabu ile iliyoshika, ile iliyokauka na ile iliyoliwa na mbuzi. Kama katika kila miche 100 imebaki 30, basi iandikwe 30 ubaoni, na tarehe ya siku hiyo, na jina la kikosi.